Kufufua EJ20 turbo iliyonoki bila kufilisika: mwongozo kamili wa injini ya Impreza GC8

Impreza ya umbo la GC8, iliyouzwa kuanzia mwaka 1992 hadi 2000, haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Nakuru au Naivasha. Toleo lake la mashindano lilichukua Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae na 2000 kwa Richard Burns. Zile za barabarani zilizokuja kwa meli kutoka Japani sasa zimezeeka, nyingi zimepita kwa madereva wenye mguu mzito, na swali linaloletwa gereji ni lilelile: injini imenoki (imeharibika ndani), je, inafufuka kwa pesa ya mtu wa mshahara?

Inafufuka. Kinachomaliza watu pesa kwenye EJ20 turbo, injini ya gari hili, mara nyingi si bei ya vipuri, bali ni kufunga vipuri vipya juu ya uchafu wa ajali ya kwanza na kukisia vipimo badala ya kupima. Injini yenye beringi za kawaida, iliyosafishwa na kupimwa vizuri, itaishi kuliko yenye pistoni za foji (za kufuliwa, imara zaidi) iliyofungwa haraka Jumamosi jioni.

Jua kwanza imekufa kifo gani

EJ20 ni injini ya silinda nne zilizolala pande mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 1994, kipenyo cha silinda milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 75. Silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, 2 na 4 upande wa kushoto. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Inakufa kwa njia mbili kuu, na kila moja ina bajeti yake.

Ya kwanza ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Utasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi injini ikipata moto na ukipandisha hadi mizunguko 2,500 au 3,000. Ukichomoa waya wa injekta ya silinda husika, mlio hupungua au hubadilika. Usichanganye na mlio wa pistoni iliyolegea, ambao husikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto. Ukishajua ni konrodi, zima. Kila dakika unayoiacha iendelee ili "fundi mwingine naye asikie" inasukuma chuma zaidi ndani ya mfumo wa oili.

Ya pili ni pistoni kuvunjika ukingo unaoshika ringi, mara nyingi kwenye silinda namba 4. Hapa hakuna mlio mzito wa kugonga. Kuna moshi, oili inatupwa kwenye mipira ya kupumulia, na injini inatetemeka ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta). Chanzo chake karibu kila mara ni mafuta kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda: mchanganyiko una petroli kidogo mno, presha ya turbo imepita kiasi, au okteni haitoshi.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, na betri imejaa. Kitabu cha kiwanda kinataka takribani baa 10 hadi 12. Ila kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma chini ya kitabu. Linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikisoma 8.5 na moja ikasoma 5, umeshapata mgonjwa. Kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, usikilize inatokea wapi. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea ekzosi, ni valvu ya kutolea. Mapovu kwenye redieta ni gasketi ya hedi.

Mwisho, kata filta ya oili kwa msumeno wa chuma, toa karatasi yake, ikamue na uitandaze juani. Vipande vinavyonatwa na sumaku ni vya chuma, mara nyingi kutoka pampu, kranki au ringi. Vinavyometameta na havishikwi na sumaku ni aluminiamu ya beringi au pistoni. Filta ikiwa safi na silinda moja tu ina shida, huenda kazi yako ni ndogo kuliko ulivyoogopa.

Bajeti inakwenda wapi

Kuna njia mbili. Moja ni kununua injini ya mtumba kutoka Japani au kwenye soko la vipuri la Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua. Nyingine ni kufungua uliyo nayo. Njia ya kwanza inaonekana ya haraka, lakini injini ya turbo ya umri huu iliyokaa kwenye kontena bila historia ni bahati nasibu: wengi huishia kuifungua nayo, wakiwa wamelipa mara mbili. Tunaishauri tu pale bloku yako imetobolewa na konrodi. Hata hapo, inunue kama chanzo cha bloku, kranki na hedi, wala usiifunge kama ilivyo. Forester ya turbo ya miaka hiyo ina EJ20 ya ukoo huohuo, na ndiyo mfadhili wa bei nafuu kuliko wote kwa sababu zimejaa sokoni.

Angalizo moja kabla ya kuchanganya. Bloku za kizazi cha kwanza zina beringi ya kuzuia kranki isiende mbele na nyuma kwenye nafasi ya 3, katikati. Za kizazi cha pili, zilizoanza kuingia mwishoni mwa miaka ya 1990, zina beringi hiyo nafasi ya 5, nyuma. Kranki ya moja haikai kwenye bloku ya nyingine. Nenda dukani na namba ya injini yako, usiende na neno "Subaru" peke yake.

Vya kununua vipya bila mjadala: beringi kuu za kranki na za konrodi, ringi, gasketi za hedi za tabaka za chuma, seti ya gasketi na sili, taiming belti pamoja na roli zake zote na kikaza chake, pampu ya maji, pampu ya oili, bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, na kipoza oili kile kidogo kinachokaa nyuma ya filta. Vinavyoweza kuwa vya mtumba vikipita vipimo: kranki, konrodi, pistoni, hedi, kamshafti, turbo. Vinavyosubiri mwaka ujao: interkula kubwa, valvu ya kutoa mlio, rangi nyekundu kwenye manifoldi ya hewa.

Beringi feki ziko kila soko kubwa, Gerezani ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi zikiwemo. Beringi halisi ina maandishi safi mgongoni, unene sawa ukipimwa kwa mikromita sehemu mbalimbali, na kichupio cha kuikalisha kisicho na makovu ya kukatwa ovyo. Muuzaji akikataa usipime, hamisha pesa zako.

Kuitoa

Punguza presha ya mafuta kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya petroli, washa injini kama inawaka na uiache izime yenyewe. Mwaga maji na oili. Toa interkula, redieta na feni zake, kisha injini inainuliwa kwa juu ikiacha giaboksi ndani ya gari.

Wengi hukwama kwenye klachi. GC8 nyingi za turbo zenye gia za mkono zina klachi ya kuvutwa, na uma wake umejishika kwenye beringi. Ukivuta injini kwa nguvu bila kuulegeza, utavunja uma au kukunja shafti. Upande wa giaboksi kuna plagi ya alen ki ya milimita 10. Ifungue, ingiza boliti ya M6 kwenye shafti ya uma, uivute nje, na uma utaachia. Kwa gia za otomatiki, fungua boliti nne za tokikonveta kupitia tundu lililo juu, ukizungusha kranki kwa spana, na uhakikishe tokikonveta inabaki kwenye giaboksi wakati injini inaondoka.

Kuifungua

Kabla ya kugusa taiming belti, zungusha kranki hadi alama zilingane. Alama sahihi ya kranki ni mstari mfupi ulio kwenye kijino cha nyuma ya gia, unaoelekea saa sita juu. Mshale wa pembetatu uliochorwa mbele ya gia ndio unaowapoteza watu. Ukiwa kwenye alama sahihi, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, na hapo valvu haziwezi kuzigusa. Kamshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi, kwa hiyo belti ikitoka zinaweza kuruka. Zishike kwa spana na uziachie polepole. EJ20 turbo ni injini ambayo valvu hugonga pistoni mpangilio ukikosewa, na valvu za kuingiza na kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe.

Toa hedi. Weka kila lifta, shimu na kofia ya kamshafti kwenye trei yenye namba. Katoni ya mayai inatosha. EJ20G, msimbo wa EJ20 turbo za mwanzo, zina lifta za oili. Zilizofuata zina shimu (vibamba vya kurekebisha nafasi ya valvu), na shimu zikichanganyika utalipa kwa kupima upya valvu zote 16.

Sasa jambo linalowashangaza waliozoea injini za Toyota: bloku hii imegawanyika nusu mbili, kushoto na kulia, na kranki iko katikati. Kofia za konrodi huwezi kuzifikia nusu zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo pini za pistoni hutolewa kwanza, kupitia matundu maalumu. Mbele kuna plagi za alen ki ya milimita 14 kwa silinda 1 na 2. Nyuma kuna plagi na kifuniko kwa silinda 3 na 4. Zungusha kranki hadi pini itokeze kwenye tundu, toa saklipu kwa koleo la mdomo mrefu, kisha vuta pini kwa nyundo ya kuvutia yenye ncha ya kulabu. Pini ikigoma kwa sababu ya utando wa oili iliyoungua, pulizia kisafishio, subiri, rudia. Usigonge kwa bisibisi.

Pini zote nne zikitoka, fungua boliti za bloku. Ziko pande zote mbili, na kila safari kuna moja inayosahaulika. Tenganisha nusu kwa kugonga kwa nyundo ya mpira. Usichomeke patasi kwenye uso wa kuungania: pale hapana gasketi, kuna gundi tu, na mkwaruzo mmoja ni oili inayovuja milele.

Kupima

Vifaa vya chini kabisa ni mikromita ya milimita 50 hadi 75, geji ya kipenyo cha ndani, filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka, na uzi wa Plastigage, kiuzi cha plastiki kinachobanwa kuonyesha nafasi iliyopo. Kama huna mikromita, mlipe fundi wa lezi akupimie mbele yako na uandike namba mwenyewe.

Kranki ndiyo ya kwanza. Pima kila shingo sehemu mbili kwa pembe ya digrii 90. Tofauti ikizidi 0.01 mm, anza kuwa na wasiwasi; ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, kranki hiyo haifai kama ilivyo. Iweke kwenye vibao vya V na dayal geji uone kama imepinda. Kikomo ni 0.035 mm. Beringi za Subaru za ukubwa pungufu hutoka kwa 0.03, 0.05 na 0.25 mm. Hizo mbili za kwanza ni za kung'arisha kidogo. Hiyo ya 0.25 ni ya kuchonga, na kuchonga kranki ya turbo kunaweza kuondoa ngozi ngumu ya juu. Maoni yetu: kranki ikishahitaji 0.25, tafuta ya mtumba iliyo ndani ya kipimo. Mara nyingi bei inakaribiana, na unalala vizuri.

Nafasi ya oili kwenye beringi kuu inatakiwa iwe 0.010 hadi 0.030 mm, kwenye konrodi kama 0.020 hadi 0.045. Kwa beringi kuu, weka kipande cha Plastigage, funga nusu za bloku bila gundi kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili, bila kuzungusha kranki hata nukta, kisha fungua usome. Ndiyo, ni kufunga na kufungua bloku nzima kwa ajili ya kiuzi cha plastiki. Fanya. Mchezo wa kranki mbele na nyuma uwe 0.030 hadi 0.115 mm.

Konrodi iliyonoki isirudishwe kwa matumaini. Joto hugeuza chuma rangi ya buluu na tundu lake kubwa huwa yai. Tafuta nyingine, na upime uzito: zote nne zilingane ndani ya gramu chache.

Silinda mpya ya alama A ni 92.005 hadi 92.015 mm, ya alama B ni 91.995 hadi 92.005, herufi imegongwa kwenye bloku. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikipanuka kama mdomo wa faneli au kuwa yai zaidi ya 0.05 mm, inakwenda kutobolewa (kupanuliwa kwa mashine) kwa pistoni zilizozidi kwa 0.25 au 0.50. Chini ya hapo, honi nyepesi (kusugua ukuta wa silinda) yenye mikwaruzo inayokatana kwa digrii 45 hivi na ringi mpya vinatosha. Hapa ndipo bajeti hupona, kwa sababu silinda nyingi za EJ20 zilizokufa kwa beringi bado ziko ndani ya kipimo.

Ikibidi kutoboa, mwambie fundi mambo mawili kabla hajawasha mashine: nusu za bloku ziwe zimefungwa kwa toki, na bamba nene la chuma lifungwe mahali pa hedi kwa toki ya hedi. Bloku nyingi za EJ20 zina silinda zilizosimama wazi juu, hazijashikwa na kuta. Boliti zikikazwa, silinda hubadilika umbo. Iliyotobolewa ikiwa huru itakuwa duara mezani na yai garini.

Hedi ziwekee rula mshazari na filageji. Zikipinda zaidi ya 0.05 mm zipelekwe kusawazishwa, zote mbili kwa kipimo kimoja. Urefu wa kiwandani ni 127.5 mm. Mwaga petroli kwenye vyumba vya kuwakia huku valvu zimefungwa. Ikichuruzika ndani ya dakika chache, saga valvu kwa mkono.

Kusafisha, ambako injini nyingi hufia

Injini iliyonoki imesambaza unga wa chuma kila mahali oili inapofika. Kipoza oili cha nyuma ya filta kina vijia vyembamba ambavyo hakuna kisafishio kinachovifikia vyote. Kitupe, hata kikionekana kipya. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha injini "iliyoovaholiwa" kunoki tena kabla ya kilomita elfu moja.

Bloku na kranki vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ndefu ya nailoni ipite kila mfereji wa oili, kisha hewa ya kompresa, kisha oili nyepesi mara moja kabla kutu haijaanza. Rudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mifereji ya kranki ipitishwe waya laini pande zote mbili. Ile mirefu ya bloku ina plagi mwishoni. Zitoe, kwa sababu uchafu hujikusanya hapo kwenye kona isiyo na mkondo.

Mabomba ya oili ya turbo yapulizwe, na boliti zake zenye tundu zikaguliwe: nyingine zina kichujio kidogo ndani, na kikiziba turbo hufa kwa kiu. Turbo yenyewe ifungue upande wa hewa. Shafti ikicheza kidogo juu na chini ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma hadi mkono unahisi, au mapanga yakiwa yamegusa nyumba yake, inahitaji seti mpya ya beringi. Pistoni ikiwa imevunjika, mwaga interkula na mabomba yake pia. Vipande na oili hukaa humo vikisubiri injini mpya.

Kosa moja lenye sura ya usafi: kung'arisha uso wa bloku na hedi kwa diski za msasa zinazozungushwa na drili. Unga wake ni mgumu kuliko beringi, unaingia kwenye mifereji na kuzila taratibu. Isitoshe, diski hula aluminiamu bila usawa, na gasketi ya tabaka za chuma haisamehi bonde. Tumia kikwangua cha plastiki, kemikali ya kuondoa gasketi, na subira.

Kufunga bloku

Migongo ya beringi na makao yake yawe makavu kabisa; oili inapakwa upande wa kranki tu. Kofia za konrodi zirudi na mwenzi wake, upande uleule, zina namba. Toki ya nati za konrodi ni 45 Nm. Baada ya kukaza kila moja, izungushe kwa mkono. Ikikaza ghafla, usiendelee mbele, rudi kwenye vipimo.

Laza kranki na konrodi zake kwenye nusu moja ya bloku. Paka gundi maalumu ya kuungania bloku, Three Bond 1215 au inayolingana nayo, mstari mwembamba usiokatika, ukiepuka matundu ya oili. Nyingi mno itasukumwa ndani na kuziba njia. Usisahau oringi ndogo za njia za oili kati ya nusu hizo. Kisha shusha nusu ya pili huku msaidizi akizishika konrodi zisikwame, ukaze kwa mpangilio wa kitabu: boliti za milimita 10 kwa 47 Nm, za milimita 8 kwa 25 Nm, na zile ndogo za milimita 6 kwa 5 Nm tu.

Pima mwanya wa kila ringi ukiwa umeisukuma ndani ya silinda yake. Kitabu kinataka takribani 0.20 hadi 0.26 mm kwa ya juu na 0.37 hadi 0.52 kwa ya pili. Mwanya mdogo mno ni hatari kuliko mkubwa: ringi ikipata moto ncha zake hukutana, haina pa kwenda, na ukingo wa pistoni ndio unaolipa. Ukiweka pistoni za foji, fuata karatasi ya mtengenezaji wake, kwani nafasi yake ndani ya silinda na miwanya yake ni tofauti kabisa. Kwa gari la barabarani lenye presha ya kiwandani huzihitaji.

Ingiza pistoni kupitia kibanio cha ringi, mshale wa mbele ukielekea mbele ya injini, hadi tundu la pini lilingane na konrodi kwenye tundu la huduma. Paka pini oili, isukume, weka saklipu mpya. Isikie saklipu ikilia "tik" kwenye mfereji wake, halafu izungushe kidogo kwa bisibisi kuthibitisha. Saklipu iliyokaa nusu itatoka na kuchimba ukuta wa silinda.

Pampu ya oili, hata ikiwa mpya, igeuze uangalie skrubu za bamba la nyuma. Zinajulikana kwa kulegea. Zitoe moja moja, tia gundi ya nyuzi, kaza. Oringi kati ya pampu na bloku iwe mpya na ikae kwenye mfereji wake. Bomba la kunyonyea la kiwandani hupasuka kwenye kiungo kilicholehemiwa, likaanza kunyonya hewa, na hicho ni kifo cha beringi kisicho na onyo. Ndiyo maana tuliliweka kwenye orodha ya vipya.

Hedi na taiming

Paka oili nyuzi na washa za boliti za hedi. Utaratibu wa EJ20 ni wa hatua: zote 29 Nm, zote 69 Nm, kisha zilegeze digrii 180, na tena 180. Baada ya hapo kuna toki ndogo ambayo hutofautiana kwa msimbo wa injini, boliti mbili za kati zikipata zaidi ya nne za pembeni kwenye injini za mwanzo. Ichukue kwenye kitabu cha msimbo wako, si kwenye kumbukumbu ya mtu. Kisha digrii 80 hadi 90, na tena 80 hadi 90, jumla isizidi 180. Kulegeza kule katikati si urembo. Ndiko kunakoikalisha gasketi sawasawa.

Kwa hedi zenye shimu, pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. EJ20 nyingi za umri huu hutaka 0.20 mm upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa.

Kikaza cha belti kinabanwa kikiwa wima, polepole kwa zaidi ya dakika tatu, kisha kinafungwa kwa pini nyembamba. Ukikibana haraka unaua sili yake. Vaa belti, linganisha alama za gia zote, chomoa pini, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili na uhakiki alama za gia tena. Alama za kwenye belti hazitalingana safari ya pili. Hiyo ni kawaida. Ukihisi kizuizi kigumu, simama, usilazimishe.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza filta oili kabla ya kuifunga. Injini itachukua lita 4.5 hivi, tumia ya madini 10W-40, kwani sintetiki inachelewesha ringi kukaa. Plagi zikiwa nje, na soketi za koili na injekta zimechomolewa, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi taa ya oili izime. Geji ya mkono kwenye tundu la swichi ya oili ni bora kuliko taa.

Maji yajazwe polepole kupitia tangi dogo la juu karibu na turbo, skrubu ya hewa ya redieta ikiwa wazi hadi maji yatoke bila mapovu. Injini iliyolala hivi huhifadhi hewa kwenye hedi, na hewa hiyo ndiyo iliyochemsha gari nyingi siku ya kwanza.

Ikiwaka, kelele za lifta kwa dakika chache ni kawaida kwa EJ20G. Mlio wa kugonga kutoka chini si kawaida. Usiiache isage sailensa nusu saa. Angalia uvujaji, iache ipate moto, kisha iingize barabarani: vuta kwa nguvu ya wastani kutoka mizunguko 2,000 hadi 4,000, achia mguu injini irudishe gari, rudia mara nyingi. Ringi hukaa kwa mzigo. Badilisha oili na filta baada ya kilomita 50, kisha 500, kisha 1,500, na kila filta ikatwe.

Kabla hujaiachia turbo isukume kikamilifu

Injini hizi zilipangwa Japani kwa petroli ya haioku, inayouzwa huko ikiwa na okteni karibu 100. Ya vituo vyetu iko chini yake. Tumia ya juu kabisa unayoipata, na usiongeze presha ya turbo hata kidogo bila kompyuta ya injini kurekebishwa. Ondoa filta ya koni inayonyonya hewa ya moto na kuvuruga sensa ya hewa, rudisha boksi la kiwandani. Injekta zipelekwe kupimwa mtiririko: moja iliyoziba nusu ndiyo iliyokata pistoni ya kwanza mara nyingi. Pima presha ya pampu ya petroli injini ikiwa na mzigo. Mpira wa kwenda westigeti (valvu inayozuia presha ya turbo isizidi) ukipasuka, presha hupanda kupita kiasi, na mpira huo unagharimu chini ya lita moja ya oili. Sensa ya noki iliyopasuka ibadilishwe na ikazwe kwa 24 Nm, kwani ikikazwa ovyo inakuwa kiziwi.

Kodi au azima geji ya mchanganyiko yenye sensa pana kwa siku moja. Turbo ikisukuma kikamilifu, hewa kwa petroli iwe karibu 11 kwa 1. Ukiona 12.5 inapanda kuelekea 13, achia mguu na urudi gereji na injini ikiwa bado nzima.